Umebadilisha rejeta mwenyewe, sasa inavuja, haipati moto au presha inashuka: tafuta chanzo kabla ya kukaza nati

Rejeta ya ukutani, ile inayopasha chumba joto, ni sanduku la chuma lenye maji ndani. Haina umeme, haina gesi, haina kitu kinachozunguka. Ndiyo maana mtu mwenye spana mbili na subira anaweza kuibadilisha mwenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, kazi ikienda kombo, kosa ni nadra kuwa la rejeta mpya. Tatizo huwa kwenye viungo ulivyofungua na kufunga, au kwenye mfumo wa zamani ambao ulikuwa unaumwa kabla hujaugusa. Nyumba nyingi zimeharibiwa sakafu na mtu aliyeona tone, akashika spana na kukaza asichokijua. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili, tunafika kwenye chanzo, ndipo tunagusa chuma.

Ninaandika kwa ajili ya wanaoishi Uingereza, nchi ya boila ya gesi jikoni inayopasha moto maji ya rejeta, mabomba ya shaba ya milimita 15 chini ya sakafu na rejeta chini ya dirisha. Wengi wetu tumekulia nyumba zisizo na mfumo huu. Hata Njombe au Limuru, kwenye baridi kali, watu huota moto wa kuni au jiko la mkaa. Fundi bomba hodari wa Dar es Salaam akifika Leicester anaijua spana vizuri, ila kuna jambo moja geni kwake: maji ya rejeta hayatumiki. Yanazunguka yaleyale, mwaka hadi mwaka. Kwenye bomba la kuogea presha inatoka mtaani na haikomi. Huku presha ni ile uliyoiweka wewe. Ikishuka, maji yametoka mahali. Shika hilo, maana sehemu kubwa ya utatuzi imesimama juu yake.

Kabla ya spana

Kama umepanga, usijitwishe mzigo usio wako. Katika England, kifungu cha 11 cha sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze na kukarabati vifaa vya kupashia nyumba joto na vya kuchemshia maji, kwa mikataba ya kawaida iliyo chini ya miaka 7. Mwandikie ujumbe, utunze nakala. Ukiharibu kwa mkono wako, unaweza kudaiwa wewe.

Kama unaishi ghorofani na hakuna boila ndani ya nyumba yako, huenda joto linatoka kwenye mtambo mmoja wa jengo zima. Hapo usiguse kabisa. Maji yanayopita kwako ni ya majirani pia, na vali mbili za rejeta yako zinaweza kuwa ndizo kizuizi pekee kati ya zulia lako na ghorofa zote za juu.

Kubadilisha rejeta si kazi ya gesi, kwa hiyo hakuhitaji cheti. Kufungua kasha la boila ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, chombo kilichochukua nafasi ya CORGI Aprili 2009. Ukisikia harufu ya gesi wakati wowote, fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999.

Halafu jua una mfumo gani. Ukiona geji ya presha kwenye boila au karibu yake, mfumo wako umefungwa. Ukiona tangi dogo la maji darini, kando ya lile kubwa, mfumo wako uko wazi na unajijaza wenyewe kutoka kwenye tangi hilo. Namna ya kutoa maji na kuyarudisha inatofautiana, na dalili nyingine pia hutofautiana.

Umefunga vali zote mbili, lakini maji hayakomi

Upande mmoja wa rejeta kuna vali ya joto, yenye kichwa cha plastiki chenye namba, ambayo maboksi ya dukani huiandika TRV. Upande wa pili kuna vali ya kusawazisha, iliyofunikwa kofia ya plastiki. Ng'oa kofia, uzungushe kimkia cha shaba kuelekea kulia hadi kifunge, huku ukihesabu mizunguko. Iandike hesabu hiyo ukutani kwa penseli, nyuma itakapokaa rejeta. Utaihitaji baadaye.

Boila imezimwa, maji yamepoa, beseni liko chini. Unashika mwili wa vali kwa spana moja na kulegeza nati kubwa kwa spana ya pili. Ukitazama kutoka upande wa rejeta kuelekea vali, kulegeza ni kinyume cha saa. Spana mbili, kila mara. Anayetumia moja hulipinda bomba na anaweza kulegeza kiungo kilicho chini ya sakafu, asikokiona.

Maji yatatoka kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha yatapungua hadi matone. Hiyo ni dalili njema. Presha imeisha, na rejeta inashikilia maji yake kwa kuwa hewa haijaingia. Ukifungua skrubu ya hewa iliyo juu, yatatoka yote. Rejeta ya paneli mbili yenye urefu wa mita 1 na kimo cha sentimita 60 hubeba lita 5 hadi 6, tena meusi tii. Ondoa zulia kwanza, au likunje mbali. Maji haya yana unga wa chuma na doa lake halitoki kwa sabuni.

Yasipopungua, au ndoo zikijaa kuliko rejeta inavyoweza kubeba, kaza nati tena na ufikiri. Kwa mfumo uliofungwa, kitu cha kwanza kukagua ni bomba la kujazia lililo chini ya boila. Vali zake zikiwa wazi, unamwaga maji ya mtaa. Kwa mfumo wa wazi, panda darini, funga mkono wa boya kwa kamba kwenye ubao uliolazwa juu ya tangi ili maji mapya yasiingie. Kama hapo pako sawa, vali moja ya rejeta haifungi. Mara nyingi ni uchafu uliokaa kwenye kiti chake, na kuifungua na kuifunga mara mbili tatu huusukuma ukatoka. Ikikataa, usishindane nayo. Toa maji ya mfumo mzima kupitia koki ya kumwagia ya ghorofa ya chini, ubadilishe vali hiyo pamoja na rejeta.

Vali iliyoachwa bila rejeta inaanza kumwaga maji usiku

Hili huwapata wanaotoa rejeta ili wapake rangi ukuta, wakalala. Vali ya joto haikutengenezwa kufunga, ilitengenezwa kuhisi. Ndani ya kichwa chake kuna nta au kimiminika kinachopanuka chumba kikiwa na joto na kusukuma pini ishuke. Hata kwenye alama ya theluji bado inahisi. Chumba kikishuka hadi nyuzi 7 hivi, inafunguka yenyewe ili mabomba yasigande. Sasa madirisha yameachwa wazi rangi ikauke, usiku wa Januari umeingia, vali imetimiza wajibu wake.

Dawa ni kutoa kichwa na kufunga kile kifuniko cha plastiki kinachouzwa pamoja na vali, ambacho huibana pini kwa mkono. Juu ya hapo, funga mdomo wa vali kwa kifuniko cha shaba chenye hesi. Vyote viwili. Kifuniko cha plastiki peke yake sikiamini kwa usiku mzima.

Rejeta mpya haifiki kwenye mabomba

Rejeta za zamani za Uingereza zilipimwa kwa inchi. Ya inchi 36 ina milimita 914, na mpya iliyo karibu nayo ni ya milimita 900. Hizo milimita 14 ndizo zinazowafanya watu wavute mabomba. Usivute. Bomba la shaba likivutwa kando, uso wa kiungo haukai sawa, na kiungo kisichokaa sawa kitavuja hata ukikikaza hadi hesi zilie. Mkia ni kipande cha shaba kinachounganisha rejeta na vali. Kuna mikia mirefu ya rejeta, mingine inarefuka na kufupika, inayoziba pengo hilo vizuri. Pima umbali wa katikati ya bomba hadi katikati ya bomba kabla ya kununua, kisha pima umbali kutoka ukutani, maana vishikio vingi vina nafasi mbili za kuchagua.

Ukuta pia. Rejeta ya paneli mbili ya ukubwa niliotaja ina zaidi ya kilo 30 kabla ya kutiwa maji. Ukuta wa jipsamu mtupu hauwezi kuibeba kwa skrubu za kawaida. Tafuta nguzo za mbao zilizo nyuma, au tumia vifungio vilivyotengenezwa kwa kuta za namna hiyo.

Inavuja

Jaza polepole. Fika nusu baa kwanza (baa ni kipimo cha presha kwenye geji), simama, kagua, ndipo uendelee hadi baa 1. Ukiona unyevunyevu, weka spana chini. Maji hutembea: yanayodondoka kutoka nati ya chini huenda yametoka kwenye skrubu ya juu. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha zungushia kila kiungo kipande cha karatasi ya chooni, kimoja kimoja, juu hadi chini. Subiri. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo inayokuambia ukweli.

Karatasi ya juu, kwenye skrubu ya hewa au kizibo cha upande wa pili, ikilowa, tatizo ni pete ya mpira. Vizibo hivi huja na pete yake na havihitaji tepu nyeupe. Aliyeongeza tepu mara nyingi ameizuia pete isikae. Toa, safisha, rudisha bila tepu, kaza kwa kiasi. Ukiuponda mpira, umeuharibu.

Ikilowa pale mkia wa shaba unapoingia kwenye rejeta, hapo ndipo tepu nyeupe inapotakiwa, na pengine haitoshi au imezungushwa upande usio wake. Elekeza hesi usoni kwako, uzungushe tepu kwa mwendo wa saa, ukiivuta kidogo, mizunguko 10 na zaidi kwa hesi hii ya nusu inchi. Ukiona tepu inajikusanya na kutoka nje unapokaza, ulizungusha kinyume. Kwa bahati mbaya hapa hakuna njia ya mkato. Lazima utoe maji ya rejeta hiyo, utoe mkia, uanze upya.

Ikilowa kwenye nati kubwa inayounganisha vali na mkia, chunguza kabla ya kukaza. Kiungo hiki huziba kwa chuma kugusa chuma, uso uliochongoka ukiingia kwenye uso uliobonyea. Hesi hazizibi chochote, kwa hiyo tepu juu yake ni kazi bure. Sababu tatu hurudi tena na tena: punje ya uchafu kati ya nyuso mbili, mabomba yasiyokaa sawa, au mkia wa zamani uliobaki kwenye kazi pamoja na vali mpya ya kampuni nyingine. Hii ya tatu inaudhi kwa sababu nati inaingia vizuri kabisa na kila kitu kinaonekana sawa, lakini pembe za nyuso hazilingani. Vali na mkia wake vitoke kwenye pakiti moja. Nimesema pakiti moja, na nitasema tena kwa yeyote anayetaka kuokoa pauni chache hapo.

Karatasi iliyolowa juu, pale kimkia cha vali kinapotokeza, inaonyesha kuna nati ndogo ya kubana inayotaka kuguswa kidogo tu, chini ya robo ya mzunguko. Kwenye vali ya joto, ikiendelea, badilisha vali.

Inabaki karatasi ya chini, pale bomba la shaba linapoingia kwenye vali. Ndani yake kuna pete ndogo ya shaba inayobanwa kati ya nati na bomba. Ikiwa imekazwa kwa mkono tu na kuongezewa kidogo, huvuja kwa kulegea: shika kwa spana mbili, ongeza kama moja ya nane ya mzunguko, kausha, subiri. Mzunguko mmoja na robo baada ya kukaza kwa mkono ndio kipimo cha kawaida kwa bomba la milimita 15. Aliyekwisha kupita hapo sana ameubonyeza mwili wa bomba, na kila anapoongeza anazidisha uvujaji. Hapo hakuna kukaza tena. Kata au vuta pete, weka mpya, paka uzi mwembamba wa gundi ya viungo. Sababu nyingine ni rangi. Mabomba haya hupakwa rangi miaka kwa miaka, na pete ikikaa juu ya rangi haizibi. Sugua kwa sufi ya chuma hadi shaba ing'ae.

Kuna uvujaji unaochanganya: unadondoka asubuhi mfumo ukiwa baridi, jioni umekauka. Joto hupanua shaba na kukaza kiungo, na tone linalotoka linakauka kabla hujaliona. Baridi hufichua. Kwa hiyo kagua mara mbili, mfumo ukiwa moto sana na baada ya kupoa usiku kucha. Usifunge ubao wa sakafu wala kurudisha zulia kabla ya ukaguzi wa pili.

Presha inashuka, au inapanda mno

Mfumo uliofungwa ukiwa baridi unataka baa 1 hadi 1.5. Ukipata moto, sindano itapanda kidogo, na hilo halina neno.

Presha ikishuka katika siku za mwanzo bila unyevu popote, usishtuke. Maji mapya yana hewa ndani yake. Hewa inakusanyika, wewe unaitoa kwenye skrubu, presha inashuka, unaongeza maji. Baada ya hapo inapaswa kutulia. Isipotulia, rudia zoezi la karatasi, kisha toka nje ukatazame bomba dogo la shaba linalotokeza ukutani nyuma ya boila. Hilo ni bomba la vali ya usalama, inayofunguka kwenye baa 3. Likidondoka, huenda ulijaza kupita kiasi, vali ikafunguka, na punje ya uchafu ikaizuia isijifunge sawasawa. Kuibadilisha ni kazi ya fundi wa boila.

Presha inayopanda yenyewe, mfumo ukiwa baridi, karibu kila mara ni bomba la kujazia linalopitisha maji. Funga vali zake zote mbili na ulitoe kabisa kama ni la kutolewa. Kanuni za maji za Uingereza zinataka lisibaki limeunganishwa baada ya kujaza.

Na ikiwa inaruka hadi karibu na baa 3 kila boila inapowaka, kisha inaanguka hadi sifuri ikipoa? Hapo tangi la upanukaji limepoteza hewa yake. Maji ya moto yanapanuka na hayana pa kwenda. Rejeta yako mpya haina hatia. Tatizo lilikuwepo, na kujaza upya kumelifichua. Mwite fundi, mweleze sindano inavyofanya ikiwa moto na ikiwa baridi. Maelezo hayo mawili yatamwokolea muda mwingi.

Haipati moto

Gusa kabla ya kufikiri. Anza na bomba linaloingia, kisha vali, kisha rejeta juu, chini, kulia, kushoto. Mkono wako unatosha kutofautisha karibu sababu zote.

Juu baridi, chini moto, ni hewa. Zima boila ili pampu isivute hewa nyingine, fungua skrubu ya hewa kwa ufunguo wake nusu mzunguko hadi maji yatoke bila kukohoa, funga, rudisha presha. Anzia rejeta za chini, malizia za juu.

Ikiwa bomba lina moto hadi kwenye vali ya joto na baada yake ni baridi, pini imeganda. Hutokea sana vali ya zamani ilipobaki imefungwa majira yote ya joto. Toa kichwa, utaona pini ndogo. Isukume chini kwa kitu bapa, iachie. Inapaswa kurudi juu yenyewe kwa nguvu za springi. Gonga mwili wa vali taratibu, rudia. Usiivute kwa koleo. Kwenye baadhi ya vali pini hutoka nzima, na maji ya moto hufuata nyuma yake.

Mabomba yote mawili baridi? Kwanza, je, vali ya kusawazisha uliifungua? Ile namba ya penseli ukutani. Watu huisahau kwa sababu kofia imesharudishwa na kila kitu kinaonekana kimekamilika. Kama iko wazi, kuna hewa iliyokwama kwenye tawi la bomba. Funga rejeta nyingine zote, washa boila, uache pampu isukume nguvu yake yote kwenye hii moja tu. Mara nyingi utasikia mkoromo, halafu moto unafika ghafla. Mkoromo usipokuja, tope limeziba tawi, hasa nyumba zenye mabomba membamba ya milimita 8 au 10.

Upande mmoja moto na mwingine baridi kabisa, kwenye zile rejeta ndefu za kusimama: ndani yake kuna kizuizi kinacholazimisha maji yapande juu kabla ya kurudi. Maji ya moto yakiingia upande usio wake, yanapita chini moja kwa moja na kutoka. Karatasi ya maelekezo inaonyesha upande wa kuingilia. Kosa hili halirekebishwi kwa kutoa hewa wala kwa kusawazisha. Ni kugeuza rejeta au kubadilishana mabomba.

Katikati ya chini kuwa na uvuguvugu wakati juu ni moto, kwa rejeta mpya, ni kawaida. Joto linatoka maji yakishuka. Ikiwa chini yote ni baridi kama jiwe baada ya wiki chache, tope la mfumo wa zamani limehamia kwenye rejeta mpya, na tutalifikia.

Mpya inachoma, nyingine zimepoa

Maji hufuata njia rahisi. Rejeta mpya, safi ndani, yenye vali iliyo wazi kabisa, inavuta maji ya wenzake. Ndiyo maana uliandika ile hesabu ya mizunguko. Rudisha vali ya kusawazisha hapohapo ilipokuwa, kisha rekebisha robo mzunguko kwa robo, ukiipa mfumo muda wa kutulia kila mara. Ukiwa na vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba, tafuta tofauti ya nyuzi 11 au 12 kati ya bomba linaloingia na linalotoka kwa mifumo ya zamani, na karibu 20 kwa boila za kisasa zinazorudisha joto la mvuke. Rejeta iliyo karibu na boila hubanwa zaidi, ya mbali huachwa wazi.

Kuna kosa linalofanana na hili. Kama ulifunga vali ya joto kwenye chumba chenye themostati ya ukutani, vitu viwili vinagombania uamuzi. Vali inafunga chumba kikifikia nyuzi 19, themostati inasubiri 21, na boila inawaka bila kikomo. Chumba hicho hakitakiwi kuwa na vali ya joto, au iachwe wazi hadi mwisho. Vivyo hivyo ile rejeta moja, mara nyingi ya bafuni, iliyoachwa bila vali ya joto ili maji yapate pa kupita nyingine zote zikijifunga. Ukiiwekea, boila inaweza kuanza kupiga kelele na kujizima.

Kelele

Kugonga kwa nguvu, kama nyundo, vali inapokaribia kujifunga, ni vali ya joto ya zamani iliyowekwa upande wa kutokea badala ya kuingilia. Nyingi za kisasa hupokea maji pande zote. Angalia mshale kwenye mwili wake. Mkoromo ni hewa. Mlio mwembamba kama filimbi ni pampu yenye kasi kubwa ikisukuma kwenye vali iliyo karibu kufungwa. Kualika kwa taratibu mfumo ukipata moto ni bomba linalosugua mbao. Kipande cha kitambaa kinene kati yao kinatosha.

Rejeta moto, chumba baridi

Soma tena lebo. Rejeta ya paneli moja ya mita 1 kwa sentimita 60 hutoa karibu wati 1,000. Ya paneli mbili za ukubwa huohuo, 1,700 hivi. Aliyebadilisha nene kwa nyembamba ili apate nafasi ya kochi amenunua baridi. Dukani ukiona kipimo cha BTU, wati 1,000 ni BTU 3,412 kwa saa. Namba hizo pia hupimwa maji yakiwa na wastani wa nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Ukishusha joto la boila hadi tofauti iwe nyuzi 30, jambo ambalo ni jema kwa bili, rejeta ileile inatoa karibu nusu tu. Kwa anayefikiria pampu ya joto siku zijazo (mtambo wa umeme unaotuma maji yasiyo moto kama ya boila), huu ndio wakati wa kununua kubwa zaidi.

Hewa inarudi kila wiki

Mwezi umepita, huna uvujaji, lakini bado unatoa hewa kila wiki. Hiyo huenda si hewa. Maji yanapokula chuma hutengeneza unga mweusi na gesi ya haidrojeni, nayo inawaka, kwa hiyo usisogeze kiberiti wala mshumaa kwenye skrubu. Chota maji ya rejeta kwenye chupa ya kioo na upitishe sumaku nje yake. Unga mweusi ukiifuata sumaku, chuma cha mfumo wako kinayeyuka, na rejeta mpya iko kwenye foleni.

Chanzo cha kawaida ni hiki: ulipotoa maji ya zamani, ulimwaga pia dawa ya kuzuia kutu, na ukajaza maji matupu. Dawa inarudi kirahisi ukiiweka kabla ya kujaza: rejeta ikiwa tupu na vali zimefungwa, fungua kizibo cha juu, mimina kwa faneli, funga, ndipo uruhusu maji. Chupa nyingi za dukani hutosha mfumo wa lita 100, kiasi cha rejeta 8 hadi 10, ila lebo ndiyo ya kufuatwa. Maji yakiwa meusi kama kahawa, dawa peke yake haitoshi. Mfumo unahitaji kusafishwa kwa mashine kwanza, na kichujio cha sumaku kwenye bomba linalorudi kwenye boila.

Andika tarehe na jina la dawa kwenye kibandiko, ukibandike ubavuni mwa boila. Fundi yeyote atakayekuja baadaye ataanza kwa kuuliza hilo.